Chesisi ya Anselmo

Simu ilinikuta Muheza nimelala chali chini ya pikipiki ya jirani, maana mimi ni mzee niliyestaafu kazi bila kustaafu uchafu wake. Ikaita, nikaiacha. Ilipoita mara ya tatu nikajifuta mikono kwenye suruali, nikapokea kwa hasira, na sauti ya mwanamke nisiyemjua ikanisabahi kwa adabu. Akasema yeye ni Delfina, binti wa mzee Anselmo aliyekuwa dereva wa gari la wagonjwa kule Mtwara. Baba amefariki, wameshamzika, na arobaini ni Jumamosi ya wiki inayofuata. Mama yake ndiye aliyesema nitafutwe popote nilipo, na wamekuwa wakiitafuta namba yangu tangu mzee alipoanza kuumwa. Nikamuuliza kama mama alitaja sababu. Hapana, akasema, kasema tu Mgosi aambiwe. Huku kwetu Tanga kila mwanamume ni mgosi, neno halina uzito wowote. Kule Mtwara lilikuwa jina langu peke yangu, na aliyenipa ni Anselmo. Nilikaa pale chini, mgongo ukutani, mpaka mwenye pikipiki akaja kuniuliza kama nimeumia.

Nitasema mapema nilichokifanya, ili msomaji asije akanihurumia bure. Mwaka mmoja niliokaa Mtwara, mwanzoni mwa miaka ya sabini, nilikuwa na rafiki mmoja tu, Anselmo. Gari lake likapata ajali, mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuamua litengenezwe au lifutwe, nikalifuta. Baadaye nikagundua kwamba nilipima ovyo, na sikumwambia mtu. Hilo ndilo nililokuwa nalo kifuani kwenye basi la kwenda arobaini, nikitazama lami nyeusi ikipita dirishani. Siku hizi basi linatoka Dar alfajiri, jioni unashuka Mtwara umechoka tu. Mimi nilifika kwa meli, nikitapika, na sanduku la bati lenye mashati matatu na timazi ya shaba niliyopewa chuoni. Mvua zilipoanza barabara ikakatika huko Rufiji, barua zikawa haziji, na gazeti lilikuwa likitufikia limezeeka hadi wanaolisoma wanajua mwisho wa habari zake. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili. Sikuwa nimewahi kulala mahali ambapo hakuna mtu anayejua jina la mama yangu.

Chumba nilipanga Chikongola, kwa Bi Somoe, mjane wa Mikindani. Kilikuwa na kitanda cha kamba, msumari wa kutundikia nguo, na dirisha dogo lililotazama ukuta wa nyumba ya pili, karibu kiasi kwamba nikinyoosha mkono nilikuwa naugusa. Bi Somoe hakuwa mtu wa maneno mengi na wapangaji. Maneno yake aliyamalizia kwa kuku, aliowasimanga tangu asubuhi kwa majina yao, na mimi nilikuwa nikisimama mlangoni nasikiliza ili nisikie sauti ya binadamu. Nyuma ya ule ukuta palikuwa na familia kubwa, na saa ya chakula cha jioni nilisikia kila kitu: nani hapendi samaki wa chumvi, nani kaficha mnofu chini ya wali, nani kapigwa kibao kwa kuanza kula kabla ya babu. Nilikula muhogo wangu wa kuchemsha nikiwafuatilia. Kwa miezi miwili nilijua majina yao wote, na hakuna hata mmoja wao aliyejua langu. Kazini nako, kwenye karakana ya magari, nilikuwa mgeni mwenye cheti, na mafundi wenye mvi hawampendi kijana mwenye cheti. Walinijibu ninapouliza, basi. Wakienda kula walikwenda pamoja, na mimi nikabaki nimekaa kwenye tairi.

Anselmo ndiye aliyenijia. Alikuwa mtu wa ng'ambo ya Ruvuma, Mmakonde, ana chale usoni kuanzia kwenye paji hadi kidevuni, na alivuka mto kabla vita vya kule havijaanza. Alipovuka alikwenda moja kwa moja kwetu Tanga kukata mkonge, akakata miaka minne, na kwenye shamba hilo ndiko alikojifunza kuendesha, kwanza trekta, kisha lori. Aliposikia natoka Muheza akanisalimia kwa Kibondei kibovu sana, nikacheka, na nadhani ndiyo mara ya kwanza nilicheka tangu nishuke melini. Akauliza ninapoishi, akaja kupaona. Akatazama chumba, akatazama msumari, akauliza nguo nikifua naanika wapi. Kesho yake akaniletea kamba ya katani aliyoisokota mwenyewe, mikono ya manamba, mkata mkonge, haisahau, akaifunga kutoka nguzo ya banda la kuku hadi mlango wa choo. Bi Somoe akanung'unika kwamba hakuulizwa, halafu akawa wa kwanza kuanika kanga zake.

Tangu hapo Jumapili zangu nilikula kwa Anselmo. Walikaa pembeni ya mji, nyumba ya udongo yenye ua wa makuti, na mkewe, Mama Delfina, alikuwa mwanamke wa kucheka kwa tumbo zima. Kulikuwa na ugali wa muhogo na kisamvu kilichoungwa kwa korosho za kusaga, na zilipopatikana, ming'oko, mizizi ile ya porini inayochimbwa kwa jasho, ikachemshwa na kuliwa kwa chumvi na pilipili. Anselmo alisali kwa Kireno kabla ya kula, haraka haraka, kama anayemaliza kazi ya mtu, mimi nikasema bismillahi yangu, na Mama Delfina akatuambia chakula kinapoa. Delfina alikuwa mchanga, anatambaa. Sahani yangu ilikuwa ya bati yenye ukingo wa bluu, na baada ya Jumapili ya tatu hakuna aliyeigusa isipokuwa mimi. Mazungumzo yalikuwa ni gari. Lilikuwa Landrova lililobeba wagonjwa kutoka vijiji vya mtoni, Kilambo na kwingineko, na Anselmo alilizungumzia kama mtu anavyomzungumzia shemeji msumbufu. Lilimsikia, alisema, likasikia na matope. Watu wa mtoni hawakumwita Anselmo, walimwita Dereva, na mkewe walimwita mke wa Dereva. Nilimwona siku moja sokoni akiitwa hivyo na mzee wa heshima zake, na nikaona jinsi alivyojinyoosha.

Ajali ilitokea wiki ya kwanza ya mvua kubwa. Alikuwa anarudi kutoka Kilambo na mgonjwa mmoja na ndugu wa mgonjwa. Mtu wa baiskeli, kapakia magunia mawili ya muhogo, akateleza mbele yake. Anselmo akamkwepa, gari likaruka kalavati, likapiga mkorosho kwa kona ya kulia ya mbele. Hakuna aliyekufa. Mgonjwa mwenyewe, walisema, alishuka akatembea, jambo ambalo hakuwa amelifanya wiki nzima. Anselmo aliumia kifua kwa usukani na hakusema. Gari lilivutwa hadi karakana, nasi tukalizunguka: bonet imekunjamana, radieta imepasuka, bawa la kulia limekwenda, springi ya mbele imevunjika. Vyote hivyo vilikuwa vinapatikana, maana nyuma ya karakana palikuwa na Landrova jingine lililokufa kwa injini. Kilichokuwa hakipatikani ni chesisi. Chesisi ikiwa imepinda, gari ni skrepa. Ikiwa haikupinda, wiki tatu tu lingekuwa barabarani. Na Anselmo aliajiriwa kwa gari lile moja, hapakuwa na jingine la kumpa.

Msimamizi wetu, Ndugu Mponda, alinipa mimi kazi ya kupima, kwa sababu mafundi wazee walifanya kazi na Anselmo miaka mingi na mimi nilikuwa mgeni. Hivyo ndivyo alivyosema mbele ya wote. Kisha akanivuta kando, akitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, akasema, "Nasikia Jumapili unakula kwa Dereva. Angalia usije ukapima kwa tumbo." Lilikuwa neno la utani. Watu walishasema makubwa zaidi ya hilo wakacheka na kusahau. Lakini mimi nilikuwa kijana, nilikuwa mpweke, na mtu mpweke neno moja la utani analala nalo wiki. Jioni ile Anselmo akaja Chikongola. Hakuingia ndani. Alisimama chini ya kamba yake ya nguo, ameshika kofia. Hatimaye akasema, "Mgosi, gali likifa mimi si dereva tena. Nitakuwa mtu tu." Gari aliliita gali maisha yake yote. Nilimwambia kesho Ijumaa nitapima, na ile kamba naomba niichukue, kwa sababu futi ya chuma ya karakana ilikuwa imekwenda na watu wa barabara na haijarudi. Akaifungua mwenyewe fundo kwa fundo, akanipa.

Namna ya kupima nitaeleza, kwa kuwa makosa yangu yako humo. Gari linainuliwa juu ya vigogo mahali penye sakafu ya saruji. Unateremsha timazi kwa uzi wake kutoka kona za chesisi, na pale ncha ya timazi inapogusa sakafu unatia alama ya chaki. Ukimaliza unalisukuma gari kando, na pale chini zinabaki alama nne tu. Chesisi iliyo sawa, kutoka kona hadi kona ya mshazari ni urefu uleule, huku na huku. Unavuta kamba kwenye mshazari wa kwanza, unapiga fundo, kisha unaipeleka kwenye mshazari wa pili. Fundo likiangukia kwenye alama, gari ni zima. Likipita au likipungua zaidi ya kidole kimoja, gari limekwisha. Nilivuta mshazari wa kwanza saa sita mchana. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, na kamba, niliyokuwa nimeiacha nje kwa Bi Somoe, ilikuwa bado inadondosha maji. Nikapiga fundo. Adhana ikaita, nikaiweka kamba juu ya bati la pipa, nikaenda kuswali Ijumaa. Tulipotoka msikitini jua lilikuwa limetoka kali, lile la kuchoma baada ya mvua. Nikarudi, nikachukua kamba, nikavuta mshazari wa pili. Fundo lilipita alama kwa vidole vitatu.

Nakumbuka nilivyojisikia, na ndilo linaloniumiza kuliko yote. Nilijisikia msafi. Moyo wangu ulikuwa unaomba fundo liangukie kwenye alama, na halikuangukia, na nikaona hiyo ndiyo dalili kwamba sikupima kwa tumbo. Fundi mzee mmoja akaniambia, bila kunitazama, rudia. Ningeweza kurudia, kazi ya nusu saa. Nikaona kurudia ni kumtafutia Anselmo njia, na Ndugu Mponda alikuwa amesimama mlangoni. Nikaandika: chesisi imepinda, gari lifutwe. Nikatia sahihi ndefu kuliko kawaida yangu. Jioni mvua ikarudi, ikapiga kwa upande, ikaosha chaki yote sakafuni. Jumatatu Anselmo akaambiwa. Walimpa nafasi ya kulinda geti la karakana, akakataa kwa upole. Alichoomba ni kimoja tu, wakishavua injini na magurudumu, wampe chesisi. Wakacheka, wakampa. Akaipakia kwenye lori la korosho, akahamisha mke na mtoto, wakaenda Mpapura kulima. Siku wanaondoka sikutoka. Nilikuwa chini ya lori moja ambalo halikuwa na ubaya wowote, nimelala, naangalia gia.

Kamba nikairudisha kwa Bi Somoe. Wiki tatu hazikupita, asubuhi moja nikamsikia nje, nikadhani anawasema kuku, kumbe ananisema mimi. "Kamba gani hii, baba? Mvua ikinyesha inavuta mpaka nguzo inalia, jua likitoka inalegea kanga zangu zinafagia mchanga." Nilikuwa nimeshika kikombe cha chai. Nikakiweka chini. Mimi ni mtoto wa Muheza, nimekulia kwenye mkonge, hakuna mtoto wa kwetu asiyejua kwamba katani ikilowa hujikunja ikawa fupi na ikikauka hurefuka. Nilipiga fundo kamba ikiwa imelowa, nikapima nayo ikiwa kavu. Vidole vitatu vile vingeweza kuwa jua tu. Nilikwenda hadi mlangoni kwa Ndugu Mponda. Nikasikia anaongea na mtu, anacheka, anasema kijana wa Tanga yule ni mkweli, huyo hanunuliki. Nikageuka nikarudi kwenye tairi langu. Sina la kujitetea. Nilikuwa nimepata sifa moja katika mji mzima, na niliiogopea.

Halafu zikaanza salamu. Mpakuzi wa lori la korosho alifika karakana, akauliza Mgosi ni nani, akasema Mzee Anselmo wa Mpapura anasema uje, ana kitu cha kukuonyesha. Nikasema nitakwenda. Mwezi ukapita, akaja mwingine: Anselmo anakungoja, ana kitu cha kukuonyesha. Nilijua ni kitu gani. Alikuwa na chesisi pale nyumbani, alikuwa na mikono miwili na akili, na katani aliijua kuliko mimi. Ameshapima, nikasema moyoni, ameona kwamba gari lilikuwa zima, na ananiita aniwekee mbele ya macho. Salamu ya tatu ililetwa na mwanamke wa sokoni, pamoja na ming'oko iliyofungwa kwenye jani. Nilikula peke yangu kitandani, bila chumvi, huku nyuma ya ukuta wanagombea mnofu. Jumapili zile zilikuwa ndefu sana. Nilikuwa nikitembea kutoka Chikongola hadi bandarini na kurudi ili jua lishuke. Mwisho wa mwaka nikaomba uhamisho, nikapata, nikaondoka na timazi yangu. Kamba nilimwachia Bi Somoe.

Mpapura nilifika siku ya arobaini misa ikiwa imeshatoka. Watu walikuwa wengi, wamekaa kwenye majamvi, sufuria zinaondolewa mekoni. Delfina, mwanamke mzima mwenye wajukuu, akanipokea begi na kunipeleka uani kwa mama yake. Mama Delfina alikuwa amekaa kwenye kiti kifupi, amekuwa mdogo, macho yamefifia. Nikainama nikampa shikamoo na pole ya msiba. Akanishika mkono na kuupapasa vidole, akasema, bado fundi. Kisha wakamwita ndani, na nilipoinua macho nikaiona. Nyuma ya jiko palikuwa na uchanja wa kuanikia muhogo, na uchanja wenyewe ulikuwa chesisi ya Landrova, nzima, imewekwa juu ya nguzo nne, imeliwa na kutu lakini haikuchoka. Niliitambua kwa kishikio cha springi ile iliyovunjika. Juu yake walikuwa wameondoa muhogo na jamvi lake kwa sababu ya shughuli.

Nikamwomba Delfina uzi. Akaniletea wa nailoni, wa nyavu, ambao hauna habari na mvua wala jua. Nikapiga fundo kwenye mshazari wa kwanza. Nikalifungua, nikalipiga upya. Nikauvuta kwenye wa pili. Fundo lilikataa kufika, likabaki nyuma kwa vidole vinne. Nikadhani uzee. Nikapima tena, nikaanzia upande wa pili, nikapima mara ya tatu, jambo nililokataa kulifanya nikiwa kijana. Vidole vinne kila mara. Ile kamba ya katani ilinidanganya kwa kiasi gani na ilisema kweli kwa kiasi gani, sitajua kamwe. Lakini chesisi ilikuwa imepinda, kupinda hasa. Lingetengenezwa, lingevuta upande mmoja katika kila telezi la barabara ya Kilambo hadi siku limpeleke mtoni na wagonjwa wake. Nilikuwa sahihi. Nilisimama pale na usahihi wangu, na sikusikia furaha hata chembe.

"Unapima nini, Mgosi?" Mama Delfina alikuwa amerudi, ameegemea mlango wa jiko. "Yeye alishapima." Akaja polepole akakaa. Akanieleza kwamba wiki ileile waliyohamia, Anselmo aliisimamisha chesisi kwenye nguzo, yeye mkewe akasuka jamvi la kuitandika juu, pembe nne zilizonyooka. Likakataa kukaa. Kila wakilivuta, kona moja inabaki wazi. Wakagombana, mume akasema mke hajui kusuka, mke akasema mume hajui kusimamisha nguzo, hadi Anselmo akachukua kamba. Alipomaliza kupima alikaa chini akacheka hadi kifua chake kibovu kikamuuma. Akasema kumbe kijana kamwokoa. Akasema Mgosi lazima aje aone jamvi la upogo, la pembe zilizopinda, maana huko mjini atakuwa anajilaumu kwa kumfutia gari. Tangu hapo kila jamvi la uchanja ule limesukwa upogo, hadi la mwisho.

Delfina alileta chakula akakiweka mbele yetu. Ming'oko ilikuwa kwenye sahani ya bati, imebanduka rangi, ukingo wa bluu umebaki upande mmoja tu. Mama Delfina akaisogeza kwangu, akaweka chumvi na pilipili pembeni kama zamani. Alisema Jumapili nyingi alipakua kwenye sahani ile, huku Anselmo akienda kutazama barabarani kama naja. Halafu akaniinulia uso, hakuwa na ukali wowote, alitaka kujua tu.

"Mbona hukuja?"

Uzi ulikuwa bado mkononi mwangu.